Mkono Juu ya Boneti

Sogeeni. Na wewe uliyeegemea mlango, ingia au toka. Hadithi hii haisikilizwi nusu. Chuma hicho nilichokiweka katikati ya mkeka ni chuma cha mkanda wa suruali, kimeshika kutu kidogo. Msikiguse bado. Tukifika mwisho nitakipitisha mkono kwa mkono, na kila atakayekishika itambidi atoe hukumu. Nawaonya mapema, maana nimeshaisimulia mara kadhaa, na mahali pamoja ndugu wawili waliondoka hawasemeshani.

Palikuwa na mafundi watatu katika gereji ya Kwezindo, kijiji cha juu kabisa Usambara, pale ambapo barabara ikishaanza kushuka kwenda Mombo haikupi nafasi ya kujuta. Miaka ile spea ya gari ilikuwa haipatikani. Mtu aliyehitaji beringi alianza kwa kuandika barua na kumalizia kwa kuomba dua. Kwa hiyo mafundi wa Kwezindo waliishi kwa vipawa walivyopewa na Mungu.

Wa kwanza, Mzee Hoza, alikuwa na sikio. Watu hakuwasikia vizuri. Mkewe alimwita kula mara tatu, ingawa wapo waliosema alisikia tangu ya kwanza. Lakini injini aliisikia. Alichukua bisibisi ndefu, ncha akaiegemeza kwenye injini inayounguruma, mpini akauweka sikioni, akafumba macho, kisha akakuambia ni kipi kinachougua na tangu lini.

Wa pili, Mwanjaa, alikuwa na pua na ncha za vidole. Alianza kwa kuuza oili pale mlangoni, mjane mwenye kopo na mrija, mpaka akawa fundi anayeogopwa kuliko wanaume. Alichomoa kijiti cha oili, akapaka tone kwenye kitambaa cheupe, akalisugua, akalinusa, pengine akalionja na kutema. Oili, alisema, ni kama mkojo kwa daktari, haimfichii mtu siri.

Wa tatu, Singano, alikuwa na mkono. Mkono wenyewe ni wa kushoto, ulivunjika utotoni ukaunga vibaya, ukabaki mwembamba kama wa msichana. Ulipenya mahali ambapo panya angefikiri mara mbili. Alilala chini ya gari, akageuza uso pembeni, vidole vikaona kwa niaba yake. Kiburi chake kilitosha watu wawili, lakini kazi yake hakuna aliyewahi kuirudia.

Gereji ile ilikuwa na desturi moja. Injini haikushushwa kutoka kwenye gari mpaka mwenye gari aje mwenyewe, aweke mkono juu ya boneti na aseme, "Ishuke." Barua au mjumbe havikukubaliwa. Maana injini ikishashushwa hairudi ilivyokuwa. Hata leo mtu akiuza gari lake, neno la kwanza kumtoka ni hilo, "Injini haijafunguliwa," na analisema kama baba anayemsifia binti.

Hakuna aliyelisema neno hilo kwa sauti kubwa kuliko Mzee Kupaza. Alikuwa na gari jeusi la mwaka hamsini na tisa, lenye taa za duara na viti vya ngozi, ambalo kijiji kizima kililiita Shangazi, kwa kuwa kila binti wa Kupaza alipoolewa ndilo lililomsindikiza. Mabinti watatu walitoka nyumbani kwake ndani ya Shangazi, yeye mwenyewe akiendesha polepole, kofia kichwani. Na kila mara, watu wakilizunguka gari kulitazama, alipiga boneti kwa kiganja na kusema, "Tangu litoke melini, injini haijafunguliwa." Alilisema msikitini, alilisema msibani, na siku moja alimwambia daktari aliyekuwa akimng'oa jino.

Mkewe, Bi Mwantumu, alimpenda, lakini alikuwa na donge moja ambalo hakulimeza mpaka mumewe anaingia kaburini. Siku aliyomzaa Saumu, kitinda mimba wao, uchungu ulimshika mchana wa Ramadhani na mtoto akagoma kushuka. Wakunga wakasema apelekwe hospitali ya bondeni. Akaitwa Kupaza; Kupaza haonekani. Saa mbili nzima mwanamke yuko sakafuni anamwita mume wake, mume hayupo. Kisha akatokea, jasho linamtiririka, akambeba, akamtia garini, wakashuka. Mtoto alizaliwa salama. Bi Mwantumu alipofumbua macho kitandani, cha kwanza alichokiona ni kwamba mumewe amefunga suruali kwa kamba ya katani.

"Mkanda wako uko wapi?" akauliza. Mkanda ule aliushona kingo yeye mwenyewe kwa uzi mwekundu, walipooana.

"Umepotea."

"Ulikuwa wapi saa mbili zote?"

"Bandani."

"Bandani na nani?"

Kupaza akanyamaza. Na nyuma ya banda lile, jamani, alikaa mjane mwingine kabisa, Mungu amrehemu, ambaye hakuwahi kumkosea mtu. Miaka ishirini na moja Bi Mwantumu hakumwamkia mjane yule. Na mumewe kila alipokosea jambo, hata la chumvi, aliulizwa mkanda uko wapi.

Kupaza akafa. Kabla ya kufa aliacha wosia, mashahidi wakiwa wanne: Saumu atoke ndani ya Shangazi kama dada zake, na injini ya Shangazi isishushwe mpaka siku hiyo ipite. Akaurudia mara mbili, akiwa ameshika shuka kwa ngumi. Waliokuwapo waliona ni ajabu mtu kufa akiwazia injini, lakini wosia ni wosia.

Miaka miwili baadaye Saumu akaposwa na kijana wa Mombo, mtoto wa Mzee Mkufya. Arusi ikapangwa Jumamosi. Jumanne ya wiki hiyo hiyo, kaka yake Bi Mwantumu akaliwasha gari ili lipelekwe kuoshwa, likaunguruma vizuri, kisha ndani yake kitu kikaanza kugonga. Hakikugonga kwa nguvu. Kiligonga kama mgeni anayejua watu wako ndani. Wakalisukuma mpaka gereji.

Mzee Hoza akaweka bisibisi sikioni. Akakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, na alipofungua macho hakumtazama mtu.

"Piston ya tatu, chini, panapokumbatia shafti," akasema. "Beringi haipo. Nimesikia beringi zilizokwisha, hizo zinalia. Hapa hapalii chuma juu ya chuma. Kuna kitu kingine, na kinakaribia kwisha. Likishuka mlima hivi, kitamalizika konani, injini itakwama, magurudumu yatafunga, na nyote mnaijua kona ya mwisho ilivyo. Bi Mwantumu, weka mkono useme neno. Ishuke."

"Itachukua siku ngapi?"

"Wiki mbili, tukipata beringi."

"Arusi ni Jumamosi. Na wosia?"

Hoza hakusikia, au alijifanya hakusikia.

Mwanjaa akachomoa kijiti. Akapaka, akasugua, akanusa. Akaonja, akatema, akaonja tena, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Hii si chuma," akasema. "Ni ngozi."

"Ngozi ya nani?" akauliza kaka yake Bi Mwantumu, na hakuna aliyecheka.

"Ya ng'ombe, iliyotengenezwa, imeungua kidogo. Bi Mwantumu, injini hii ilishafunguliwa. Mtu alitia ngozi mahali pa beringi. Kazi hiyo ipo, wazee waliifanya vitani. Ngozi ikilowekwa oili inashika safari moja. Inashika mteremko. Kupanda mlima haishiki."

"Mume wangu alisema haijafunguliwa."

"Nimesikia alivyosema. Nchi nzima imesikia."

Singano alikuwa amekwisha kulala chini ya gari bila kuombwa. Sauti yake ikatoka huko huko. "Kuna chuma kimepita chini ya sampo, hilo bakuli la oili, ndiyo maana kila mtu atawaambia ni lazima ishushwe. Mimi nitalegeza sampo vidole vitatu, nipitishe mkono. Nitafungua hiyo ya tatu na kuitoa hiyo ngozi, injini ikiwa pale pale ilipo. Kufungua kwa chini si kushusha."

Bi Mwantumu akafikiri, akakubali. Tazameni mwanadamu anavyoukunja wosia bila kuuvunja.

Ikachukua mchana mzima. Na hapa mnielewe vizuri: kama si sikio la Hoza, Singano angefungua zote nne kwa kupapasa na Jumamosi ingemkuta chini ya gari. Mwishowe mkono ule mwembamba ukatoka umejaa oili mpaka kwapani, na vidoleni kuna utepe mweusi, mfupi kama kidole gumba, umepondeka ukawa mwembamba kama ganda la kitunguu. Singano akaufuta kwa kitambaa cha Mwanjaa. Ukingoni mwake kulikuwa na uzi. Akaendelea kufuta, na uzi ukawa mwekundu.

Bi Mwantumu akauchukua.  Akakaa chini pale pale kwenye vumbi la gereji, na vitenge vyake vipya, akaushika ule utepe kwa mikono miwili. Mtu mwenye akili hakuhitaji kuelezwa. Siku ile ya Ramadhani gari lilikuwa bovu. Saa zile mbili, mkewe akiita, Kupaza alikuwa bandani, chini ya gari, anaukata mkanda wake wa suruali ili mkewe asife. Na aliporudi hakusema, kwa sababu angesema, ingejulikana kwamba injini imefunguliwa. Kuna wanaume walio tayari kuitwa wazinzi kuliko gari lao kuitwa bovu. Miaka ishirini na moja aliulizwa mkanda uko wapi, na miaka ishirini na moja mkanda ulikuwa unazunguka mbele ya magoti yake.

"Kumbe," akasema Bi Mwantumu. "Kumbe, mume wangu." Kisha akasema jina la yule mjane wa nyuma ya banda, akalia.

Mwanjaa hakulia. Pua yake ilikuwa bado kazini.

"Ngozi inanuka mahali pengine," akasema. Akafungua mlango wa nyuma, akainua kiti, akapapasa chini yake, akatoa bati la biskuti lililofungwa kwa waya. Ndani mlikuwa na oili, na ndani ya oili mlikuwa na kipande cha mkanda chenye chuma hicho mnachokiona. Mwanjaa akakipima na utepe aliotoa Singano, akaangalia kilivyokatwa mara kwa mara kwa wembe. Akahesabu kwa midomo.

"Amekata vipande vinne," akasema. "Cha kwanza mlipompeleka mama huyu kujifungua. Vitatu vingine..."

 Wote wakakumbuka. Kila ilipokaribia arusi ya binti, baada ya alasiri, Mzee Kupaza alijifungia bandani, na nyumba nzima ilisema, mwacheni, baba anaaga kwa siri. Alikuwa anabadilisha ngozi kwa chini, sampo ikiwa imelegezwa, na kila safari ya kurudi juu alilifunga gari nyuma ya lori, akisingizia kubana petroli. Mabinti watatu aliwateremsha mlima ule juu ya mkanda wake, mmoja baada ya mwingine, akitabasamu kwa wapiga vigelegele. Nami hapo sijui nimwite baba wa namna gani. Nikiwaza hivi nampenda, nikiwaza hivi nataka kumfufua nimpige.

"Kimebaki kimoja," akasema Mwanjaa.

Saumu mwenyewe alikuwa amefika kumtafuta mama yake, hina bado mbichi mikononi, akasikia hayo ya mwisho. Alikuwa msichana wa maneno machache.

"Kwa hiyo alihesabu," akasema. "Wa mwisho ni wangu."

"Mwanangu, unaweza kushuka kwa basi," akasema mama.

"Na Mombo watauliza Shangazi yuko wapi. Tutawaambia nini, mama? Kwamba baba alikuwa mwongo?" Akamgeukia Hoza na kupaza sauti ili amsikie. "Mzee, itafika?"

"Dada zako walifika."

"Alikuwa anaendesha baba."

Mzee Hoza akaitazama bisibisi yake. "Nitakaa mbele," akasema. "Nitasikiliza."

Basi Bi Mwantumu akainuka, akaweka mkono juu ya boneti. Mafundi watatu wakasogea, maana walidhani atalisema lile neno. Hakulisema. Alisema hivi, na mashahidi wapo: "Sina binti mwingine wa kusindikizwa. Atakayemfikisha huyu bondeni salama, Shangazi ni wake, alifanye apendavyo." Kisha akauondoa mkono.

Singano akatia kile kipande cha mwisho. Jumamosi, baada ya adhuhuri, Shangazi akatoka Kwezindo ameng'arishwa. Singano alishika usukani, Mzee Hoza kando yake, bisibisi imepenya tundu la kanyagio mpaka kwenye chuma, mpini sikioni. Nyuma alikaa Saumu ndani ya shela, na pembeni yake Mwanjaa, amefungwa khanga mpya kama somo wa bi arusi. Waliokuja nyuma kwa lori waliimba njia nzima. Ndani ya Shangazi hakuna aliyeimba.

Kona ya kwanza, kimya. Kona ya kumi, kimya. Saumu aliniambia, naam, alisimulia mwenyewe, kwamba hakutazama bonde hata mara moja; alitazama kisogo cha Mzee Hoza, na kila kisogo kile kilipoinama kidogo yeye alisoma aya moja. Wakapita maporomoko, wakapita mashamba ya migomba. Joto la bondeni likaanza kuingia dirishani. Ikabaki kona moja, ile ambayo upande wa kulia ni mwamba na upande wa kushoto hakuna kitu.

Hapo Mzee Hoza akainua kidole. "Imekwisha," akasema.

Hajamaliza neno, Mwanjaa akasema, "Naisikia ngozi inaungua."

Na hajamaliza lake, mguu wa Singano ukakanyaga klachi mpaka sakafuni. Injini ikapiga mara moja kama mtu aliyeangusha sanduku, ikakwama, ikafa. Kwa kuwa klachi ilikuwa imekanyagwa, magurudumu hayakufunga. Shangazi akaendelea kuteremka bila sauti, Singano akimwongoza kwa breki kidogo kidogo, akapita kona, akatoka kwenye tambarare, akateleza barabarani mwa Mombo mpaka akasimama kwenye uwanja wa Mzee Mkufya penyewe, hatua tatu kutoka kwenye busati la bi arusi. Watu wakashangaa gari gani hili lisilonguruma. Wakasema ndiyo ustaarabu wa zamani. Vigelegele vikapigwa kweli kweli.

Saumu alibaki ameshikilia kiti. Mwanjaa akambeba kama desturi, na wakweze wakadhani ni haya.

Sasa arusi imepita. Fungate nayo ikaisha, Bi Mwantumu akashuka kwa basi kuja kumtazama mwanawe, na mafundi watatu wakashuka naye, maana nadhiri ni deni. Shangazi alikuwa bado uwanjani, hajaguswa. Wakamkuta Mzee Mkufya anamfuta vumbi kwa mkono wake mwenyewe.

"Mkwe wangu," akasema, "gari hili limetupa heshima. Mwezi ujao Mwanahawa wangu anaolewa kule juu, Soni. Namwombea asindikizwe na Shangazi. Nimeshawaambia watu. Injini haijafunguliwa, au sivyo?"

Bi Mwantumu akasema, "Tutazungumza, baba." Akawaita mafundi pembeni, upande wa pili wa gari.

Mzee Hoza akasema, "Ni langu mimi. Bila sikio langu msingejua kwamba kuna hatari. Mngeshuka mnaimba, na leo ingekuwa arobaini inangojwa. Ukinipa, nitaishusha injini hapa hapa uwanjani, mbele ya watu. Nitatengeneza shafti, nitangojea beringi hata mwaka. Gari litapona. Lakini itakachotoka nacho injini, kila mtu atakiona."

Mwanjaa akasema, "Ni langu mimi. Bila mimi mngejua kuna ugonjwa lakini msingeijua dawa. Na dawa yenyewe niliitoa mimi chini ya kiti. Ukinipa, halitawaka tena. Nitalivuta kwa trekta mpaka nyumbani, kuku watalalia humo. Siri yako itakaa, na hakuna mtoto wa mtu atakayepanda. Lakini Mzee Mkufya atauliza kwa nini umemnyima, na atakayejibu kila siku jikoni ni Saumu."

Singano akasema, "Ni langu mimi. Sikio na pua havijafunga nati hata moja. Ngozi niliitoa mimi, niliitia mimi, na kwenye kona mguu ulikuwa wangu. Ukinipa, nitalifungua kwa chini, nitie ngozi nyingine, mkanda si wa Kupaza peke yake duniani. Litang'aa, litatembea, na jina la mumeo litabaki safi. Mwanahawa atasindikizwa."

"Soni ni kupanda," akasema Mwanjaa. "Nilisema ngozi haishiki kupanda."

"Ulisema pia ngozi ni ya safari moja, na mkanda mmoja umetosha safari nne."

"Tano," akasema Mzee Hoza, ambaye safari hii alisikia vizuri. "Na ya tano iliishia pale konani."

Bi Mwantumu akaligeukia gari. Mumewe alimkosea kwa kunyamaza, naye alimkosea kwa kumdhania, na hakuna tena njia ya kuombana radhi isipokuwa kile kilichoungua ndani ya injini ile. Ikishushwa, watu wataona kwamba Kupaza alikuwa mwongo, na wakweze Saumu watauliza, mke wetu mlimleta juu ya kipande cha ngozi, mkijua? Isiposhushwa, Mwanahawa, msichana wa watu, ambaye wakati huo huo alikuwa akivuka uwanja na ndoo ya maji na kumsalimia, "Shikamoo, mama," atavaa shela mwezi ujao na kupanda mlima.

"Marahaba, mwanangu," akasema Bi Mwantumu.

Kisha akainyoosha mikono. Wa kulia akauweka juu ya boneti. Chuma kilikuwa cha moto kwa jua, hakuuondoa. Wa kushoto umeshika hicho chuma cha mkanda. Mzee Mkufya amesimama na kitambaa chake, anangoja. Saumu yuko mlangoni mwa jiko, ameona, amejua, hawezi kusema. Mafundi watatu wanamtazama mdomo.

Mdomo ukafunguka.

Mimi hadithi yangu inakomea hapo. Msiniulize alisema nini, na msiniulize chuma hiki nilikipataje. Nadhiri ilikuwa ya mtu mmoja, na waliomfikisha Saumu walikuwa watatu. Ukimtoa mmoja kati yao, gari lingekuwa korongoni, na bi arusi ndani yake. Lakini atakayepewa gari anapewa pamoja na Mwanahawa, na jina la marehemu, na nyumba ya Saumu.

Haya, wewe uliyecheka niliposema habari za jino, tuanze na wewe. Kishike chuma. Mkono wako ndio uko juu ya boneti, na yule binti ametua ndoo anakutazama. Gari unampa nani, na neno la kushusha injini, je, utalisema?